Kilometa Kumi za Nsimire

Chisomo aliiweka ile karatasi juu ya cherehani yangu, juu kabisa ya sketi ya shule niliyokuwa naipiga upindo, akasema, "Mama, andika jina lako hapa." Nikamwambia aondoe takataka zake kwenye kazi ya watu. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia. Mtoto akacheka tu. Ana miaka tisa, baba yake Mmalawi amemdekeza, na kelele zangu alishazizoea.

"Si takataka. Ni matembezi ya shule. Jumamosi tunatembea kilometa kumi, na kila kilometa mtu anatoa kitu, kwa ajili ya watoto wagonjwa."

Nikaitazama. Juu walikuwa wamechora nyayo mbili. Chini kulikuwa na mistari mitatu ya kusimama: jina, kilometa, sahihi. Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka, anachambua maharage, mgongo wake kwetu. Sikutaka ageuke aione sura yangu, basi nikasema naenda chooni. Nilikaa huko nyuma ya nyumba mpaka jirani akagonga bati kuuliza kama nimelala humo.

Nyinyi mliokulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka zamani zile, kabla haijawa mji, kabla ya vinyozi na maduka ya simu, mnalikumbuka lile plastiki tulilolala chini yake. Asubuhi lilidondosha maji ya pumzi zetu wenyewe. Mchana lilinuka kama ndoo iliyosahauliwa juani. Hadi leo nikifungua turubai jipya pale sokoni Chilinde, hapa Lilongwe, natapika mate. Tulikuwa watatu chini ya plastiki letu: mama, mimi, na mdogo wangu Nsimire. Baba tulipotezana naye Kamanyola, njiani tukikimbia vita ya Kongo, siku ile kila mtu alipokimbia na njia yake. Nsimire alizaliwa wiki chache tu kabla hatujaondoka Bukavu, kwa hiyo hakuwahi kubatizwa. Alikuwa bado hajatimiza mwaka. Alikuwa anaanza kusimama kwa kushika sketi yangu, na neno lake lilikuwa moja: "Yaya." Sisi watu wa Bukavu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Mama alikuwa bado hajaitwa kitu, mimi nimeshaitwa Yaya. Nilijivuna nalo mpaka watoto wenzangu wakachoka.

Shule yetu ilikuwa ndani ya jengo la gereza la zamani, chumba chenye madirisha madogo juu sana, hata mwalimu hakuyafikia. Siku moja akaja mgeni, mama mzungu mwenye mikono ya madoadoa, na sanduku. Alileta madaftari, kalamu, na pakiti za ile dawa ya kuchanganya na maji, ya watoto wanaohara. Pakiti zilikuwa zinaelekea zahanati ya kambi, lakini alitaka kwanza tuzione. Kisha akainua picha kubwa. Watoto wazungu, wengi, wamevaa fulana nyeupe zenye namba kifuani, wanacheka, na kila mmoja ana chupa yake ya maji.

Mwalimu Selestini, mtu wa kwetu Bukavu, ndiye aliyetafsiri. "Aba batoto balitembea kilometre kumi juu yenu," yaani kwa ajili yetu.

Nikanyoosha mkono. "Balikuwa banakimbia nani?"

Mwalimu akamtazama mgeni kidogo. Swali hilo hakulitafsiri. "Habakukuwa banakimbia mutu. Balikuwa banatembea tu."

"Na mizigo yabo iko wapi?" akauliza mtoto mwingine nyuma.

"Hakuna mizigo."

"Na bamama yabo?"

"Iko pembeni, banapiga makofi."

Sisi tulikuwa tumetembea kutoka Bukavu mpaka Uvira na magodoro kichwani, na sikumbuki mtu aliyepiga makofi. Mgeni akaona tumekaa kimya, akadhani tumeguswa, akaweka mkono kifuani. Alikuwa mtu mwema, nasema bila kejeli. Akaongea tena, maneno mengi, na mwalimu akayakata akatupa mafupi.

"Kila mutoto anatafuta baparrain. Parrain anaandika jina yake ku karatasi, na kila kilometre yenye mutoto anatembea, parrain anatoa kitu. Njo ile ilinunuaka hii dawa." Akachukua pakiti moja akaitikisa. "Kusema kweli, ni miguu ya batoto njo ilileta hii dawa."

Hapo ndipo nilipopotea. Angesema wafadhili, neno la wakubwa, lisilo na sura, ningesinzia kama wenzangu. Lakini alisema parrain, na sisi Wakatoliki wa Bukavu parrain tunamjua. Ni yule anayesimama nawe siku ya ubatizo, anaweka mkono begani mwako mbele ya padri, anamwahidi Mungu kwamba mtoto huyu hataachwa. Wangu alikuwa fundi saa, na kila Noeli aliniletea peremende. Sasa nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyekisema: kwamba mtoto mgonjwa anatafutiwa parrain, majina yanaandikwa kwenye karatasi, mtu mmoja anatembea kwa ajili yake, na Mungu anaona. Zile kilometa zetu zote za kutoka Bukavu zilipotea bure kwa sababu hatukuwa na karatasi. Niliumia sana kwa hilo. Nilitamani kumwambia mama.

Wiki hiyohiyo Nsimire akaanza kuhara. Ilikuwa masika, tope jekundu kila mahali, na watoto wengi walikuwa wanahara. Mama alimpeleka zahanati mapema. Nesi hakukosea kitu chochote. Alimpa mama pakiti za dawa, akamwonyesha mara mbili: kijiko, ngoja kidogo, kijiko tena, kutwa nzima, hata akitapika. Akizidi kulegea, mrudishe upesi. Mama alirudi akachanganya ile dawa kwenye kikombe cha bati. Nilionja. Ilikuwa na chumvi na utamu pamoja, kama ukilamba machozi baada ya kula muwa.

Siku ya pili Nsimire alikuwa bado anahara, na mimi nilikuwa nimeshapata jibu. Dawa ile ililetwa na miguu ya watoto wa kwenye picha, sawa, lakini wao walitembea kwa ajili ya kambi nzima. Kwa ajili ya Nsimire peke yake hakuna aliyetembea. Tena hakuwa na parrain. Itamponyaje?

Nikachana karatasi ya katikati kwenye daftari jipya, nikapiga mistari mitatu, nikaandika juu: NSIMIRE. Kisha nikavuka kwa Baba Musafiri. Huyu alikuwa Mwislamu wa Kindu, mfanyabiashara tangu kwao, na hapo kambini alikuwa anauza chumvi, betri na samaki wakavu juu ya meza ya mbao mkabala na kwetu.

"Baba Musafiri, ukuwe parrain ya Nsimire."

"Mi niko Mwislamu, mutoto. Kwetu hakuna parrain."

"Uandike tu jina."

"Na nikisha kuandika, natoa nini? Unaona hii meza? Iko chumvi na betri tatu."

"We hautoe kitu. Mi njo nitatembea."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini akapangusa vidole vyake vya samaki, akashika kalamu, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi ambazo sikuzijua. "Mungu amuponyeshe," akasema, na sasa hakuwa anacheka. Nilimshukuru, ila moyoni nilikuwa na wasiwasi kama kule kanisani herufi hizo zitasomeka. Kwa usalama nikamwomba mama mmoja wa hema la pili aweke msalaba, bila kumweleza ni wa nini.

Kesho yake ilikuwa siku ya mgao wa unga. Mwenye kadi asipofika mwenyewe, basi, mtakula hewa mpaka mwezi ujao. Mama alisimama mlangoni akiwa na gunia tupu, anaondoka, anarudi, anamgusa Nsimire paji la uso, anaondoka tena. Wanawake wote wa mstari wetu walikuwa wameshakwenda.

"Usitoke hapa," akaniambia. "Kijiko, unangoya, kijiko. Ata akitapika unaanza tena. Umesikia? Usichoke."

"Nimesikia."

"Mi nakutumainia we."

Nilimpa Nsimire vijiko kumi. Nilivihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa. Cha saba alikitema, nikakirudia. Baada ya cha kumi alikuwa analia, kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka, anaita Yaya, na mimi nikamwambia, "Ngoya nitembee juu yako, nitarudia." Nikamfunika. Nikafunika kikombe kwa sahani ili nzi wasiingie. Nikachukua karatasi yangu nikatoka.

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba kutoka lango la gereza la zamani mpaka kwenye mashine ya kusaga mahindi, chigayo, ni kilometa moja. Na njia hiyo ilipita karibu na hema letu. Niliona hilo nalo ni mpango wa Mungu. Kilometa ya kwanza nilipita nikamsikia Nsimire analia. Ya pili pia. Nilitembea nimenyoosha shingo, karatasi mkononi, kwa sababu kwenye picha hakuna mtoto aliyekuwa ameinama. Tope lilininyonya miguu, likaniacha, likaninyonya. Mtu mmoja wa kabaza, baiskeli yake ikiwa haina abiria, akanionea huruma, akaniuliza kwa Kichewa naenda wapi.

"Iwe, mwana, ukupita kuti? Kwera!"

"Ayi, zikomo," nikamjibu, maana kupanda baiskeli kungeharibu kilometa. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Kilometa ya nne nilipopita, kilio kilikuwa kimepungua. Kilikuwa ni mguno tu. Nikasimama nikasikiliza, nikafurahi. Ya sita, kimya. Nikainua plastiki nikachungulia. Nsimire alikuwa ametulia kabisa, macho nusu wazi, hakuniita, hakunyoosha mkono. Tumbo linapanda na kushuka. Kumbe inafanya kazi! Nilitaka kuruka. Nilitaka kumwita Baba Musafiri aje aone jina lake lilivyosomeka. Lakini nikasema, hapana, wale watoto hawakusimama katikati, nikisimama na ugonjwa utarudi. Nikashusha plastiki polepole ili nisimwamshe. Kilometa nne zilizobaki nilizitembea haraka, karibu nakimbia, naimba.

Ya kumi nilipoimaliza nikarudi hemani, na mama alikuwa anaingia na unga kichwani. Nikasikia gunia likianguka. Alitoka naye amembeba, kichwa cha Nsimire kinaning'inia kwenye mkono wake, na ngozi ya mtoto ilikuwa na rangi ya jivu.

"Ulimupa mayi?"

"Nilimupa."

Ilikuwa kweli, yale maji ya dawa nilimpa. Mama alinitazama usoni, halafu akaitazama miguu yangu. Tope lilikuwa limefika magotini, jingine limekauka, jingine bichi. Akakimbilia zahanati.

Huko hawakupoteza muda, likatafutwa gari liwapeleke hospitali Lilongwe. Nilisimama kando ya njia nikaliona linakuja, jeupe, taa zinawaka mchana, linapita kwenye kilometa yangu ileile. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini nimelileta mimi. Miguu yangu ndiyo iliyoleta gari. Lilipofika mbele yangu nikafanya kile walichofanya wale wazazi pembeni. Nilipiga makofi. Mama alikuwa dirishani. Aliniona.

Alirudi kesho yake na gari hilohilo, amekaa nyuma, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitenge chake cha buluu. Tulimzika jioni, kule mwisho wa kambi ambako makaburi yalikuwa bado machache. Hakuwa na ubatizo, katekista akasali sala fupi. Baba Musafiri alikuja akasimama mbali kidogo na wanaume wenzake wa Kindu, na walipoanza kuondoka akanisogelea. "We mutoto," akasema kwa sauti ya chini, "ile karatasi uitupe. Usimuonyeshe mama yako." Nikaitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Yeye ndiye mtu pekee aliyejua, na alifia humohumo kambini bila kufungua mdomo.

Mama hakunipiga. Hakuniuliza. Watu walipokuja kutoa pole aliwaambia, "Huyu mutoto wangu alikaa na mwenzake kutwa nzima. Kijiko kwa kijiko, hakuchoka." Wanawake wakanipa pole ya pekee, wakanishika kichwa. Kwa miaka mama amesimulia hivyo, kwa majirani, kwa padri, kwa mume wangu siku ya posa. Kila akisimulia nasikia meno yangu yanagusana. Sijui kama anaamini. Sijui kama alinionea huruma mimi, au alihitaji kubaki na mtoto mmoja wa kujivunia. Nimeshindwa kumuuliza, na ninajijua, mimi ni mtu wa kuuliza hata mambo yasiyonihusu.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa kilometa ya saba, nilipokaa kidogo kutoa mwiba. Au zile herufi za Baba Musafiri. Nilijilaumu hivyo, kitoto, na ilikuwa nafuu. Halafu nikiwa na miaka kumi na minne, muuguzi mmoja alikuja shuleni kutufundisha mambo ya afya. Akaandika ubaoni dalili za mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Macho yamezama. Halii tena. Ametulia, hana nguvu ya kunywa. Akapiga mstari chini ya neno hilo, ametulia, akasema, "Akinyamaza msifurahi. Hapo ndipo mkimbie." Nilitoka darasani bila ruhusa. Nikaenda mpaka nyuma ya ukuta wa gereza, nikakaa chini nikajiambia kwa sauti kwamba mimi nimemuua Nsimire. Tangu siku hiyo hakuna aliyenibishia, kwa sababu hakuna niliyemwambia.

Wale watoto wa kwenye picha sina ugomvi nao. Walitembea kwa moyo mzuri na wakarudi nyumbani kwao kula. Dawa yao ilifika. Ilivuka bahari, ikafika Lilongwe, ikafika kambini, ikaingia kwenye kikombe chetu cha bati ikafunikwa na sahani. Kilichokuwa kimebaki ni mkono wangu.

Basi, nilitoka chooni. Nilinawa uso, nikarudi ndani. Chisomo alikuwa amehamia mkekani kwa bibi yake na ile karatasi, anamweleza mambo ya kilometa, na bibi yake anaitikia huku vidole vinaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"We utembee muzuri," mama alikuwa anamwambia. "Kusaidia mugonjwa ni kitu kubwa. Mama yako alikuwa kadogo sawa we, alimupa mwenzake mayi mpaka mwisho. Kijiko kwa kijiko."

Chisomo akageuka, macho yamemtoka. Ni mtoto wa hesabu huyu, kila kitu lazima akijue ni kingapi. Kalamu mkononi, kana kwamba atakiandika kwenye mstari wa kilometa, akaniuliza, "Mama, ulimpa vijiko vingapi?"

Nilikuwa na uongo wa miaka yote hiyo mdomoni, tayari, mtamu na wa chumvi. Sijui kwa nini haukutoka.

"Kumi," nikasema.

Vidole vya mama vikasimama juu ya maharage. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu, mikavu, ndani ya kandambili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Anasahau uyu," akamwambia mtoto. "Bilikuwa mingi."